Kitabu Juu ya Mgongo wa Ngamia

Msomaji wangu, twaa kitabu chochote kilicho karibu nawe, ukifungue ukurasa wake wa kwanza. Utaona jina la mwandishi, na chini yake jina la mchapishaji. Kazi ya mwandishi waijua: ni kutunga. Kazi ya mchapishaji haijulikani vyema na watu wengi. Hudhaniwa kuwa ni kupiga chapa tu, ilhali mtambo wa chapa waweza kukodiwa na yeyote mwenye fedha. Kazi yake hasa ni kulipokea neno kwa aliyelitunga na kulifikisha kwa yule ambaye hajalisikia. Kitabu kilichopigwa chapa kikalala ghalani hakina tofauti na barua iliyoandikwa ikasahauliwa mfukoni.

Kwa sababu hiyo, kila uzukapo uwanja mpya ambapo watu hukutana, mchapishaji hupatwa na swali lile lile: nitaingiaje humo, na nitakaaje hata watu wanijue na kunisikiliza? Siku hizi swali hili huulizwa juu ya mitandao ya kijamii iliyomo katika simu za mkononi. Mtandao mmoja huzuka leo, mwingine kesho, na wenye magazeti na vitabu hukimbilia huko wakihema, wakiogopa kuachwa nyuma. Wengi hudhani kuwa shida hii ilizaliwa pamoja na simu. Nataka kukuonyesha kuwa ni ya zamani, na ya kuwa imekwisha jibiwa zaidi ya mara moja katika nchi ambayo wachache wangeitazamia kutoa jibu: nchi ya Garissa, Wajir na Mandera, kaskazini mashariki ya Kenya.

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya mashariki, ukapita Thika na Mwingi, utakwenda mwendo wa kilomita 370 hivi kabla ya kuuvuka Mto Tana na kuingia Garissa. Mji huo ndio mlango wa nchi ninayoisema. Tangu mwaka 1963 nchi hiyo iliitwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, na tangu mwaka 2013 imegawanyika katika kaunti tatu. Ukubwa wake wapita kilomita za mraba 120,000. Ungeweza kuweka humo nchi ya Rwanda mara nne, na nafasi ikabaki. Wakazi wake wengi ni Wasomali, nao ni Waislamu. Wengi wao tangu zamani ni wafugaji wa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mvua inyeshapo huwafuata wanyama wao kwenye majani. Ikikatika hurudi kwenye visima. Nyumba zao za mikeka na fito hufungwa mgongoni mwa ngamia na kusimamishwa tena mahali pengine.

Sasa jiulize: mwenye neno atawapata wapi watu wa namna hiyo? Hawana mtaa wala nambari ya nyumba. Lakini mahali pamoja hawana budi kufika. Mahali hapo ni kisimani.

Usidhani kuwa nchi hiyo ilikaa kimya ikingoja kufundishwa kusema. Wasomali ni watu wa mashairi tangu kale. Utungo wao mkubwa, uitwao gabay, una sheria ngumu: sauti moja iliyochaguliwa na mtungaji sharti irudi mwanzoni mwa neno katika kila mstari, tangu wa kwanza hata wa mwisho. Sheria hiyo huupendeza utungo, na tena humsaidia mwenye kuukariri asipotee. Kwa maana mashairi hayo hayakuandikwa. Palikuwa na watu waliojaliwa kumbukumbu kali, waliolishika shairi la mtu mwingine kwa kulisikia, wakalibeba kifuani, wakalisema kisimani na kambini, na huko wengine wakalishika na kulipeleka mbele. Katika vita vyake na Waingereza, Sayyid Mohamed Abdille Hassan, aliyefariki mwaka 1920, alitumia mashairi kama silaha, na maneno yake yalisafiri mbali kuliko askari wake.

Watu hawa wa kukariri walikuwa ndio wachapishaji wa kwanza wa nchi ya kaskazini. Nao walikuwa na desturi moja ambayo nakuomba uishike, kwa kuwa tutairudia. Mkariri hakuruhusiwa kulisema shairi pasipo mwenyewe. Alipaswa kutaja jina la mtungaji na sababu ya kutungwa kwake, na hakupaswa kulibadili neno kwa kupenda. Wasikilizaji walitaka kujua ni nani aliyesema kabla ya kuamua kama watasikiliza.

Wakati huo pwani na bara la Afrika Mashariki palikuwa na uwanja mwingine mpya, yaani gazeti la Kiswahili. Huko Unguja, mwaka 1888, wamisionari wa Kiingereza walianza kupiga chapa gazeti dogo liitwalo Msimulizi. Mwaka 1904 shule ya serikali ya Wajerumani iliyoko Tanga ilitoa Kiongozi. Mwaka 1923 likazaliwa Mambo Leo katika Tanganyika, na mwaka 1939 likatoka Baraza mjini Nairobi. Magazeti haya yalipendwa, wala si kwa sababu ya habari za serikali peke yake. Mambo Leo lilipokea barua na mashairi ya wasomaji wake na kuyapiga chapa. Mwalimu wa shule ya kijijini, aliyetuma beti zake kwa posta, aliliona jina lake likisomwa kutoka Tanga hata Bukoba. Mtu aliyejiona gazetini halitupi gazeti. Hulisoma, hulihifadhi, na humwonyesha jirani yake. Wahariri wa siku zile walifahamu kuwa msomaji hapendi kuhutubiwa tu. Hupenda kujibiwa.

Lakini gazeti lilikuwa na miguu yake, nalo lilikwenda pale tu ambapo miguu hiyo ilifika. Lilifuata misheni, shule, posta, na stesheni za gari la moshi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwani mwaka 1901 haikugeukia kaskazini mashariki. Tena nchi ile ilifungwa kwa sheria. Amri ya mwaka 1902 juu ya wilaya za mbali, na nyingine ya mwaka 1934 juu ya wilaya maalumu, zilimzuia mgeni asiingie bila kibali na mwenyeji asitoke apendavyo. Shule za serikali zilichelewa mno kufika, hata baada ya Vita Kuu ya Pili zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Watoto walikuwa wakisoma, ila chuoni kwa mwalimu wa Kurani, wakiandika aya kwa wino juu ya mbao. Kwa hiyo si kweli kuwa herufi hazikujulikana. Zilijulikana herufi za Kiarabu, lakini gazeti na kitabu cha hadithi havikufika.

Mwaka 1948 serikali za kikoloni ziliunda Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, ambayo ilipiga chapa vitabu kwa lugha za nchi hizi, ikavieneza pia kwa masanduku ya maktaba na kwa posta. Ilikuwa kazi njema, na waandishi wengi wa Kiswahili waliinukia humo. Lakini sanduku la vitabu lahitaji shule ya kulipokea, na posta yahitaji mtu mwenye anwani. Anwani ya mfugaji ilikuwa mvua.

Basi uwanja ulikaa wazi, nao uwanja ulio wazi haukai bila mwenyewe. Mwaka 1943 kituo cha redio cha Kisomali kilianza Hargeisa. Mwaka 1951 kingine kilianza Mogadishu. Mwaka 1957 Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, likaanza kutangaza kwa Kisomali kutoka London. Muda si muda zikaja redio ndogo za transista, zisizohitaji waya wala umeme wa mji, zenye kutumia mawe ya betri tu. Redio ya namna hiyo yaweza kuning'inizwa kwenye fito ya nyumba ya mikeka, au kupandishwa juu ya ngamia. Ilikuwa kana kwamba imeundwa kwa ajili ya mfugaji. Haikumtaka ajue kusoma, haikumtaka akae mahali pamoja, nayo ilimsemesha kwa lugha ya mama yake.

Hapa ndipo jambo hili linapokuwa zito, msomaji wangu. Mwaka 1960 Somalia ilipata uhuru. Mwaka 1962 tume ya Waingereza ilizunguka nchi ya kaskazini kuuliza watu wanataka nini, na wengi walisema wanataka kuungana na ndugu zao wa Somalia. Shauri lao halikukubaliwa. Mwezi wa Desemba 1963, siku chache baada ya Kenya kujitawala, hali ya hatari ilitangazwa katika mkoa huo, na vita vikapiganwa hata mwezi wa Oktoba 1967, wakati wa mapatano ya Arusha. Katika miaka hiyo yote Redio Mogadishu iliwatangazia watu wa kaskazini kwa Kisomali kila siku, ikiwachochea. Magazeti ya Nairobi yaliandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili, nayo yaliuzwa mjini. Baadaye Sauti ya Kenya nayo ilitangaza kwa Kisomali, lakini sikio la msikilizaji lilikuwa limekwisha zoea sauti nyingine.

Sisemi kuwa vita vililetwa na redio. Sababu zake zilikuwa mipaka, dhuluma na damu, na redio isingeweza kuwasha moto pasipo kuni. Nasema neno dogo kuliko hilo: mwenye kutaka kusikilizwa siku ya shida hana budi awe amekwisha kuwako siku ya raha. Hakuna awezaye kufika kisimani kwa mara ya kwanza wakati wa ugomvi, akapaza sauti, akatazamia kuaminiwa.

Baada ya redio zilikuja kanda za kaseti. Mwaka 1972 serikali ya Somalia ilichagua herufi za Kilatini kuwa maandishi rasmi ya Kisomali, na kwa mara ya kwanza vitabu vya lugha hiyo vikaweza kupigwa chapa kwa wingi. Lakini watu waliokuwa wamezoea kusikia mashairi hawakuacha kusikia. Waliyarekodi. Mnamo mwaka 1979 na 1980 ulizuka mfululizo wa mashairi ya kujibizana uitwao Deelley, ulioanzishwa na mshairi Mohamed Hashi Dhamac, aliyejulikana kwa jina la Gaarriye. Washairi wengi waliingia, huyu akijibu na yule akijibiwa, na kanda zikapita mkono kwa mkono, zikinakiliwa na kunakiliwa tena. Hapana mchapishaji aliyezichapa wala kizuizi kilichozizuia. Ilikuwa desturi ile ile ya mkariri imepata chombo kipya, na jina la mtungaji lilikwenda pamoja na sauti yake.

Sasa natufike kwenye kisa ambacho kwacho nimekipa kichwa maandishi haya.

Shirika la Huduma za Maktaba la Kenya liliundwa kwa sheria ya mwaka 1965. Kwa miaka mingi lilifungua maktaba mijini, nalo lilikuwa na magari ya kuzungusha vitabu mashambani. Lakini gari na mchanga wa kaskazini hawapatani. Magurudumu huzama, vyuma huvunjika, na mafundi wako mbali. Wakutubi walijikuta mbele ya swali letu lile lile: vitabu tunavyo, wasomaji wako kule, tutafikaje? Jibu lilikuwa likipita mlangoni mwao kila siku likitafuna miiba. Tarehe 14 Oktoba 1996 maktaba ya ngamia ilianzishwa huko Garissa kwa ngamia watatu. Baadaye idadi yao iliongezeka, na huduma ikafika Wajir pia.

Utaratibu wake ni mwepesi kueleza. Ngamia mmoja hubeba masanduku mawili ya mbao, moja kila upande, na kila sanduku huwa na vitabu 200 hivi. Masanduku hayo hayana budi kulingana uzito, kwa maana mzigo ukielemea upande mmoja ngamia hutaabika na hugoma. Ngamia wa pili hubeba hema, na wa tatu hufuata na vifaa vilivyobaki. Mbele yao huenda mchunga ngamia ajuaye njia, pamoja na mkutubi ajuaye vitabu. Wafikapo shuleni au kitongojini, ngamia hupigishwa magoti, hema husimamishwa, mikeka hutandikwa, na vitabu hupangwa. Watoto huja, huchagua, huandikishwa, nao huvichukua vitabu hivyo. Baada ya majuma mawili hivi ngamia hurudi, vya zamani hupokewa na vipya hutolewa.

Itazame kazi hiyo kwa makini, uone ni mambo mangapi yamo ndani yake. Jambo la kwanza ni kwamba wakutubi hawakuwataka wasomaji wabadili maisha yao. Hawakuwaambia wahamie mjini ndipo wasome. Walikiweka kitabu juu ya mnyama yule yule anayebeba nyumba, maji na mtoto mchanga, na kwa hiyo kitabu hakikufika kama mgeni. Jambo la pili ni kwamba walirudi. Kufika mara moja ni jambo rahisi. Hata mpita njia hufika. Bali mtu aliyepewa kitabu, akaambiwa siku ya kukirudisha, akamwona mkutubi amekuja siku ile ile, huyo amejifunza jambo kubwa kuliko lililo kitabuni: ya kuwa yuko mtu anayemtegemea na anayeweza kutegemewa.

Nisingekuwa mkweli kama ningesifu tu. Maktaba hiyo ilikuwa na upungufu. Vitabu vyake vingi vilikuwa vya Kiingereza, na vingine vya Kiswahili, ilhali lugha ya nyumbani ni Kisomali. Mtoto alisoma habari za theluji na za gari la moshi kabla ya kusoma habari za kisima chake mwenyewe. Ngamia alifika kila mahali, ila mzigo wake haukuwa umetungwa kwa ajili ya kila mahali. Kosa hili si la ngamia. Ni la wachapishaji, waliopata njia bila kujiuliza wapitishe nini.

Mimi hufundisha walimu katika chuo cha ualimu. Mwaka mmoja niliwapa wanafunzi wangu insha waeleze kitabu cha kwanza walichokishika mikononi. Msichana mmoja wa kaskazini aliandika juu ya kitabu alichoazima hemani kwa ngamia alipokuwa mdogo. Alikipeleka nyumbani, akaketi kumfasiria nyanya yake, ambaye yeye humwita ayeyo. Kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza bibi yule alimkatiza, akauliza, "Ni nani aliyesema haya?" Mtoto hakujua. Akarudi kwenye jalada, akalisoma jina la mwandishi kwa shida. Bibi akataka kujua ni mtu wa wapi, mtoto wa nani, na ameyaonaje hayo anayoyasimulia. "Alipokosa majibu," aliandika mwanafunzi wangu, "alisema nisome tu, lakini hatanikubalia kuwa ni kweli." Darasa zima lilicheka niliposoma insha ile kwa sauti. Mimi nilicheka pia, kisha usiku nikafikiri. Bibi yule hakujua kusoma, lakini alikuwa amelelewa miongoni mwa wakariri, na swali lake ni swali la kwanza la kila msomaji mwenye akili.

Leo uwanja ni mwingine tena. Mwaka 2007 Wakenya walianza kutumiana fedha kwa simu kwa njia ya M-Pesa, na simu ikawa chombo cha lazima hata kwa mtu asiyekuwa na shamba wala duka. Kisha zikaja simu zenye kuonyesha picha, na mitandao ya kijamii ndani yake. Mfugaji aliye Wajir humwuliza mwenziwe wa Mandera habari za mvua kwa sauti iliyorekodiwa, kama vile baba yake alivyosikiliza kaseti. Magazeti ya Nairobi, Taifa Leo likiwa mojawapo, nayo yamefungua kurasa humo. Watu wamekutana kisimani tena, ila kisima hiki kiko mfukoni.

Je, mchapishaji wa leo afanye nini katika kisima hiki? Historia tuliyoipitia yatosha kumshauri. Asiingie akiwa na tarumbeta ya kutangaza bei za vitabu vyake, kwa kuwa watu hawakuja sokoni, wamekuja kuzungumza. Aseme lugha yao: penye sauti atoe sauti, penye picha atoe picha, na penye Kisomali asilete Kiingereza kitupu. Awajibu wanaomwandikia, kama wahariri wa Mambo Leo walivyoyapokea mashairi ya wasomaji. Aweke siku yake na kuitimiza, kama ngamia, kwa kuwa mtu aongezaye kurasa kumi leo kisha akatoweka miezi miwili hana tofauti na mpita njia. Wala asipime kazi yake kwa wingi wa waliomtazama mara moja, bali kwa hesabu ya wanaorudi.

Liko onyo moja zaidi, nalo wafugaji walijua kabla yetu. Kisima kina mwenyewe. Aliyekichimba ndiye apangaye zamu za kunywesha, na mgeni hunywesha kwa ruhusa yake. Mitandao hii nayo ina wenyewe. Mwezi wa Januari 2018 wenye Facebook walibadili kanuni zao, wakapunguza nafasi ya habari za wachapishaji na kuongeza za jamaa na marafiki. Magazeti mengi duniani yaliyokuwa yakitegemea njia hiyo yaliona wasomaji wao wakipungua. Mtandao wa Vine, uliokuwa na mamilioni ya watu, ulifungwa mwaka 2017. Google+ ikafungwa mwaka 2019. Na tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilinyamaza kwa saa sita hivi dunia nzima, na waliokuwa hawana njia nyingine ya kusema walinyamaza nazo. Basi mwenye hekima hunywesha kisimani kwa jirani, lakini hachoki kuchimba cha kwake. Mchapishaji awe na mahali pake mwenyewe, penye kumbukumbu ya kazi zake zote na orodha ya wasomaji waliokubali kupokea barua zake, ili siku kisima cha jirani kikikauka watu wake wajue pa kumpata.

Na wewe, msomaji kijana, usidhani kuwa maneno haya ni ya wenye magazeti peke yao. Kila upokeapo habari katika simu yako ukaipeleka kwa wenzako, umefanya kazi ya mchapishaji na ya mkariri. Lakini tazama tofauti. Mkariri wa zamani, asiyekuwa na karatasi hata moja, hakuthubutu kulibeba neno lisilo na mwenyewe. Sisi tulio na maktaba nzima katika kiganja cha mkono hubeba maneno yasiyo na jina, yasiyo na mahali wala siku, tukiyapeleka kwa watu mia kwa kidole kimoja. Katika nchi ya kaskazini, iliyoonja vita vya miaka ya 1960 na machungu mengi baada yake, uvumi mmoja waweza kuwatia hofu watu wa mji mzima kabla jua halijachwa. Ambaye hataki kuwa mchukuzi wa uvumi ana dawa nyepesi: aulize kama alivyouliza bibi yule, kabla ya kupokea na kabla ya kupeleka.

Uwanja wa leo utapita, kama kaseti ilivyopita, na mwingine utakuja ambao mimi na wewe hatuujui jina. Ukifika, usianze kwa kuuliza jinsi ya kupata watu wengi kwa haraka. Uliza watu hukutana wapi, husema lugha gani, na utarudi kwao siku gani. Kisha, utakapofungua kinywa, anza kwa kutaja ni nani aliyesema.